Maji Yanasingiziwa: Virusi, Kinga ya Mwili na Figo

Figo za mtu zikiharibika Dodoma, mshitakiwa wa kwanza huwa maji. Yana chumvi, watu husema. Yanywe miaka kumi uone. Na kwa kuwa sehemu kubwa ya maji ya jiji kwa miongo mingi imetoka kwenye visima vya Makutupora, kaskazini mwa mji kwenye barabara ya Kondoa, lawama huishia huko. Maneno hayo utayasikia kwenye daladala, kwenye benchi la zahanati, hata kwa watu waliokaa darasani miaka mingi.

Sina nia ya kuyatetea maji ya kila kisima. Lakini lipo kundi zima la magonjwa ya figo ambalo maji hayana mkono ndani yake, na ndilo linaloangusha watoto na wasichana wasio na kisukari wala shinikizo la damu. Katika magonjwa hayo, kinachoivamia figo ni kinga ya mwili wenyewe. Kwa zaidi ya nusu karne watafiti wamekuwa wakiuliza ni nani anayeichokoza kinga hadi ifike huko, na virusi vimo miongoni mwa watuhumiwa wakuu. Ila ushahidi dhidi yao haulingani uzito. Upo uliokwisha kuthibitika, upo unaotia shaka kubwa, na upo uliowahi kuaminiwa kisha ukabainika kuwa ni alama ya kitu kingine. Mazungumzo mengi juu ya jambo hili huharibika pale aina hizo tatu zinapotiwa kwenye kapu moja.

Tuanze na mahali penyewe panapoumia. Kila figo ina vichujio vidogo vipatavyo milioni moja, na kila kichujio ni fundo la vijimishipa vyembamba vya damu. Karibu sehemu moja kati ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo hupita huko. Kwa siku moja vichujio hivyo hupitisha lita zipatazo 180 za majimaji, karibu zote hurudishwa kwenye damu, na kinachobaki, lita moja na nusu au mbili, ndicho mkojo. Ukuta wa kichujio una tabaka tatu. La nje limejengwa na seli zenye vidole vingi, podosaiti, ambazo vidole vyake hupishana na kuacha mianya. Mianya hiyo imezibwa na wavu wa protini, na mojawapo ya nyuzi za wavu huo huitwa nefrini. Wavu ukiwa mzima, protini ya damu haipiti. Ukilegea, protini hutoka na mkojo, mkojo hufanya povu lisilokatika, na maji ya mwilini huhamia kwenye kope, kwenye vifundo vya miguu na tumboni. Mama humwona mtoto ameamka macho yamevimba, akadhani ni mzio au ameumwa na wadudu usiku. Jioni uvimbe umepungua, kesho yake umerudi. Kichujio kikipata uvimbe mkali na kupasuka, damu nayo hupita, na mkojo hugeuka rangi ya chai ya rangi.

Kwa nini kinga ya mwili iishie kwenye figo, wakati vita vyenyewe vilianzia kooni, kwenye ini au kwenye damu? Sababu mojawapo ni ya kimaumbile tu. Kingamwili inapokutana na kipande cha mdudu hushikana nacho, vikafanya kifungu. Kwa kawaida vifungu hivyo husombwa na ini na wengu. Vikiwa vingi mno, au vidogo kiasi cha kuponyoka, hufika kwenye kichujio, mahali penye mgandamizo mkubwa wa damu, vikakwama ukutani. Vikikwama huziita protini nyingine za kinga, zile za komplementi, na nyuma yake seli zinazoleta uvimbe. Wauguzi wengi wanaijua namna yake moja bila kulazimika kuisoma kitabuni: mtoto anapata vidonda vya ngozi au koo kutokana na bakteria wa streptokoka, vinapona, kisha wiki mbili au tatu baadaye anavimba uso na kukojoa mkojo mweusi. Ule muda wa katikati ndio wa kuangaliwa. Bakteria wamekwisha kuondoka. Kinachoichoma figo ni majibu ya mwili, yaliyochukua siku kujijenga.

Afrika Mashariki ina nafasi yake katika elimu hii, na ni ajabu jinsi inavyosahaulika. Katika miaka ya 1960 pale hospitali ya Mulago, Kampala, Dkt. John Kibukamusoke alikuwa akipokea wagonjwa wengi waliovimba mwili kwa kupoteza protini. Mwaka 1967 yeye na wenzake walichapisha hoja kwamba ugonjwa huo Uganda ulikuwa umefungamana na malaria ya siku ya nne, iletwayo na kimelea Plasmodium malariae, na mwaka 1973 akautolea kitabu. Malaria si virusi. Ninaitaja kwa sababu kazi ile ilifichua jambo ambalo bado linawasumbua madaktari: dawa ya malaria iliua vimelea, lakini figo hazikupona. Kinga ikishaanza kuipiga figo, kumwondoa aliyeichokoza hakutoshi kuituliza. Kwa hiyo ukimpima mgonjwa leo na usikute kirusi, hujathibitisha kwamba hakikuwapo. Na ukikikuta, hujathibitisha kwamba ndicho chanzo.

Basi uthibitisho unapatikanaje? Mfano ulio safi kuliko yote ni wa homa ya ini aina ya B. Virusi hivi huweza kukaa ndani ya ini miaka mingi, vikimwaga protini zake kwenye damu mfululizo. Baadhi ya protini hizo ni ndogo kiasi cha kupenya ukuta wa kichujio na kujibanza chini ya podosaiti. Kingamwili huzifuata huko huko, na ukuta mzima hunenepa. Kusini mwa Afrika ugonjwa huo ulikuwa wa watoto, hasa wavulana. Madaktari wa Hospitali ya King Edward VIII mjini Durban, wakiwemo Rajendra Bhimma na Hoosen Coovadia, waliufuatilia kwa miaka mingi, na nchi yao ilipoanza kuwachanja watoto wote dhidi ya homa ya ini B mwaka 1995, waliendelea kuhesabu. Ndani ya miaka michache wagonjwa wapya walipungua hadi wakawa wa nadra. Taiwan, iliyoanza chanjo mwaka 1984, ilipata matokeo ya namna hiyo hiyo. Huo ni ushahidi wa daraja la kwanza: ukikizuia kirusi kisiingie kwa watoto wa nchi nzima, ugonjwa huo wa figo nao unakaribia kutoweka.

Tanzania iliiingiza chanjo hiyo katika ratiba ya watoto mwaka 2002, na tangu 2009 imo ndani ya ile chanjo ya tano-kwa-moja ambayo mtoto huchomwa akiwa na wiki sita, kumi na kumi na nne. Akina mama wa Makutupora wanaopanga foleni kliniki na kadi zao wanaambiwa inalinda ini. Sijapata kumsikia mtu akiwaambia kwamba inalinda figo pia, na nadhani ingefaa waambiwe. Waliozaliwa kabla ya 2002, ambao sasa ni watu wazima wenye familia, wengi wao hawakuipata.

Upande wa pili kabisa yupo mtuhumiwa ambaye uwanda huu wa Dodoma unamjua kwa machungu. Mwishoni mwa 2006 mvua zilinyesha kupita kiasi. Mwanzoni mwa 2007 Homa ya Bonde la Ufa ilizuka kaskazini, ikashuka, na Dodoma ukawa mkoa ulioumia kuliko mingine yote nchini. Kitaifa walikufa watu zaidi ya mia moja, na mifugo mingi. Virusi vyake vilitambuliwa karibu na Naivasha, Kenya, mwaka 1931. Huenezwa na mbu, ambao baadhi yao hutaga mayai kwenye mbuga zinazotuamisha maji, na mayai hayo yaweza kukaa makavu miaka kadhaa yakingoja mafuriko. Wagonjwa mahututi wa homa ile huweza kufa na figo zao zikiwa zimegoma. Lakini huko si kujishambulia kwa kinga. Figo hushindwa kwa siku chache tu, kwa kuwa presha imeanguka, ini limeharibika, damu inavuja, na kirusi chenyewe kinaumiza tishu. Mgonjwa akivuka hatari hiyo, kwa kawaida figo hurudia kazi yake. Nimeiweka hapa ili tuwe na kipimo cha upande wa pili: kirusi kinaweza kuangusha figo bila kinga kukosea lolote.

Kati ya ncha hizo mbili ndipo lilipo suala gumu, la kirusi ambacho karibu kila msomaji wa makala haya anacho mwilini.

Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyekuwa Mulago, alianza mwaka 1957 kuona watoto wenye uvimbe mkubwa wa taya. Mwaka 1961 alisafiri kwa gari na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, kutoka Uganda kupitia Tanganyika hadi kusini mwa bara, wakiuliza hospitali baada ya hospitali kama wameuona. Waligundua kwamba uvimbe ulifuata joto na mvua. Mwaka huo huo alitoa mhadhara London, na mtafiti mmoja, Anthony Epstein, akaondoka pale na wazo kwamba kuna kirusi. Vinyama vya uvimbe vikawa vinapelekwa London kwa ndege kutoka Kampala. Kwa muda mrefu hakuna kilichoonekana. Kisha mwezi Desemba 1963, ndege iliyobeba sampuli ilizuiwa na ukungu ikatua Manchester. Chupa ilipofika majimaji yake yalikuwa na ukungu pia, na mtu mwingine angeimwaga akidhani imeingiwa na bakteria. Epstein aliitazama kwa hadubini. Zilikuwa seli za uvimbe, hai, zimejitenga moja moja na kuelea. Hizo ndizo zilizokubali kukuzwa maabara, na mwaka 1964 yeye, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kirusi kipya ndani yake. Kinaitwa Epstein-Barr hadi leo. Watoto wa Uganda waliokitoa majina yao hayamo.

Zaidi ya watu wazima tisa kati ya kumi duniani wanacho. Ulaya wengi hukipata utotoni au ujanani, na vijana wengine huugua koo na tezi kwa wiki kadhaa. Kwetu hukipata mapema sana, kwa mate: kikombe kimoja, kijiko kimoja, chakula kilichotafunwa na mama. Utafiti uliofanywa magharibi mwa Kenya ulionyesha kuwa katika eneo la Kisumu, lenye malaria nyingi, karibu theluthi moja ya watoto walikuwa wamekipata kabla ya miezi sita. Kule Nandi, milimani, walikuwa wachache zaidi. Kikishaingia hakitoki. Hujificha ndani ya seli B, ambazo ndizo kiwanda cha kingamwili. Tafakari hapo kidogo: kirusi kimechagua kuishi ndani ya seli zile zile zenye kazi ya kutengeneza silaha dhidi yake.

Sasa tuje kwenye lupasi, ugonjwa ambao kinga huanza kutengeneza kingamwili dhidi ya kiini cha seli za mwili wenyewe. Hushika wanawake mara tisa hivi kuliko wanaume, wengi wakiwa katika umri wa kuzaa, na karibu nusu ya wagonjwa huishia kuumwa figo. Mwaka 1997 Judith James na John Harley, wa Oklahoma nchini Marekani, waliwapima wagonjwa vijana wa lupasi pamoja na wenzao wasio wagonjwa. Walichagua vijana makusudi, kwa kuwa ukiwapima wazee utakuta kila mtu anacho na hutajifunza kitu. Kati ya wagonjwa 117, wote isipokuwa mmoja walikuwa na dalili za kirusi cha Epstein-Barr. Kwa wasio wagonjwa ilikuwa asilimia 70. Kazi zilizofuata zilionyesha kwamba kipande cha protini moja ya kirusi hicho, EBNA-1, kinafanana sana na kipande cha protini ya kiini cha seli ya binadamu. Kinga inayojifunza kukitambua kile cha kwanza inaweza kukidaka cha pili pia. Kosa likishaanzia kwenye kipande kimoja huenea kwa jirani zake, protini kwa protini, hadi mgonjwa ana kingamwili dhidi ya vitu vingi ambavyo kirusi hakina hata kimoja.

Hoja hiyo ya kufanana ilitawala kwa muda mrefu, na mimi huiona kuwa ni nusu ya jibu tu. Kama kufanana kungetosha, sote tungeugua. Novemba 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford wakiongozwa na William Robinson walitoa nusu nyingine. Walibuni njia ya kuzitambua seli B zilizobeba kirusi, moja moja. Kwa mtu mzima wa afya, seli ya namna hiyo ilikuwa chini ya moja kati ya elfu kumi. Kwa wagonjwa wa lupasi ilikuwa karibu moja kati ya mia nne. Tena ndani ya seli hizo, protini nyingine ya kirusi, EBNA-2, ilikuwa ikiwasha jeni za uvimbe na kuifanya seli iwachochee wenzake, wakiwemo wale wasio na kirusi kabisa. Wagonjwa waliochunguzwa kwa undani walikuwa wachache, na matokeo haya yanahitaji kurudiwa na watu wengine, kwenye damu za watu wa mabara mengine. Lakini yameliweka swali vizuri kuliko lilivyopata kuwekwa: kirusi kinakaa kwenye seli zipi, kwa wingi gani, na kikiwa kinafanya nini.

Kuna habari nyingine ya karibuni, ya watoto, nayo inaurudisha mkasa kwenye ule wavu wa kichujio. Kwa miaka mingi mtoto aliyevimba kwa kupoteza protini alipewa prednisoloni, dawa ya kuituliza kinga, akapona, akarudia, akapewa tena, na daktari hakuwa na jina la adui. Mwaka 2024 kundi la watafiti lililoongozwa kutoka Hamburg, Ujerumani, lilionyesha kwamba wengi wa watoto hao wana kingamwili dhidi ya nefrini: kwa wale waliokuwa wagonjwa na hawajaanza dawa, tisa kati ya kumi. Nani aliyeziamsha? Madaktari wa watoto popote watakuambia kuwa mtoto hurudia kuvimba baada ya mafua. Huko Ufaransa utafiti wa mwaka 2017 ulikuta dalili za maambukizi ya Epstein-Barr mara nyingi zaidi kwa watoto wanaoanza ugonjwa huo kuliko kwa wenzao. Kiungo kati ya mafua na nefrini bado hakijafungwa, ila pande zote mbili sasa zinaonekana.

Hapa inabidi niweke tahadhari, tena kwa kisa cha kweli. Mwaka 1969 madaktari wa Marekani waliochungulia figo za wagonjwa wa lupasi kwa hadubini ya elektroni waliona vijimirija vilivyojisokota ndani ya seli za mishipa, vikifanana mno na virusi vya jamii ya surua. Jarida kubwa la tiba likachapisha. Ikaaminika kwamba kirusi cha lupasi kimeonekana kwa macho. Hakikuwa kirusi. Baadaye ilibainika kuwa ni alama inayoachwa na interferoni, kemikali ambayo mwili hutoa unapodhani umevamiwa na virusi. Figo zile zilikuwa zinaishi kana kwamba kuna kirusi, hata pale ambapo hakikuwapo. Nakipenda kisa hiki kwa sababu kushindwa kwake kulizaa maarifa: interferoni leo ni mlengwa wa dawa za lupasi.

Tukirudi kwenye lile swali la kwa nini sote tusiugue, Makutupora ina mfano wake chini ya ardhi. Kina cha maji ya bonde hili kimepimwa tangu miaka ya 1950, na mwaka 2013 wanasayansi walichapisha rekodi ya miaka 55. Ilionyesha kwamba mvua ya kawaida ya kila mwaka karibu haiongezi kitu kwenye visima. Bonde hujazwa na misimu michache ya mvua kubwa, kama ile ya El Niño ya 1997 na 1998. Mvua ipo kila mwaka, kujaa hakupo kila mwaka. Epstein-Barr na ugonjwa wa figo nadhani viko hivyo. Kirusi kipo kwa karibu kila mtu. Ili ugonjwa uje lazima mambo kadhaa yakutane kwa wakati mmoja, baadhi ya kurithi, baadhi ya homoni, baadhi ya maambukizi mengine yaliyotangulia au kufuata.

La kurithi linajulikana vizuri zaidi kwa VVU. Ugonjwa wa figo wa VVU ulielezwa New York mwaka 1984, na madaktari wakashangaa kwamba uliwashika zaidi wenye asili ya Afrika. Mwaka 2010 ikagundulika sababu kubwa: maumbo mawili ya jeni iitwayo APOL1, yaliyoenea Afrika Magharibi kwa kuwa yanamkinga mtu dhidi ya malale. Ukirithi maumbo hayo kutoka kwa baba na kwa mama, VVU visipodhibitiwa vinaweza kuizima figo upesi. Huku Afrika Mashariki maumbo hayo ni machache zaidi. Na VVU vina njia ya pili, ya vifungu vya kingamwili kukwama ukutani, ambayo chini ya hadubini huweza kufanana na lupasi hadi mtaalamu akashindwa kuzitofautisha bila vipimo vingine. Dawa za kufubaza zikianzwa mapema huilinda figo.

Kwa daktari wa Dodoma, mambo haya si ya majarida tu. Hospitali ya Benjamin Mkapa, iliyo jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma, ilianza kupandikiza figo Machi 2018 kwa msaada wa madaktari wa Japani, miezi michache tu baada ya Muhimbili kufanya upandikizaji wa kwanza nchini Novemba 2017. Aliyepandikizwa figo hupewa dawa za kuishusha kinga maisha yake yote, na hapo virusi vilivyokuwa vimelala huamka. Kimoja, BK, kilichotambuliwa mwaka 1971 na kupewa herufi za jina la mgonjwa, hukaa kimya kwenye njia ya mkojo ya watu wengi. Kwa aliyepandikizwa kinaweza kuila figo mpya. Kwa hiyo yule yule mgonjwa ambaye kinga yake ilikuwa kali mno kwa figo za kwanza, sasa kinga dhaifu inaitia hatarini figo ya pili. Daktari hutembea katikati, akipima damu kila baada ya muda.

Lipo na kosa dogo linaloweza kuepukwa hata kwenye kituo cha afya. Mtu mzima aliyevimba akianzishiwa prednisoloni bila kupimwa homa ya ini B, na kumbe anayo, dawa itakiachia kirusi kizaliane na ini linaweza kuharibika vibaya. Tena kama homa ya ini B ndiyo iliyoleta ugonjwa wa figo, tiba yake ni ya kukizima kirusi, ikichaguliwa kwa uangalifu, maana tenofovia inayotumika sana inaweza yenyewe kuisumbua figo. Kipimo cha haraka cha homa ya ini B ni tone la damu na dakika chache. Kijiti cha kupimia protini na damu kwenye mkojo ni rahisi zaidi ya hapo. Kwa maoni yangu hivyo viwili vina thamani kubwa kwa zahanati kuliko mabango yote ya kuhimiza watu wanywe maji.

Kuna swali moja ambalo uwanda huu ungeweza kulijibu kuliko Stanford. Mwaka 1968 daktari Brian Greenwood, akiwa Nigeria, aliona kwamba lupasi na ndugu zake walikuwa nadra sana hospitalini, wakati wajukuu wa Waafrika waliopelekwa Marekani utumwani waliugua kwa wingi. Alipendekeza kwamba malaria ya kila mara huielekeza kinga kwingine, na majaribio yake kwa panya wenye ugonjwa kama lupasi yaliunga mkono: walioambukizwa malaria waliugua kidogo zaidi. Wengine hujibu kwamba wagonjwa wapo, wanakufa bila kutambuliwa, na nadhani wana sehemu ya ukweli. Dodoma, kame na iliyoinuka, ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo kabisa nchini. Kigoma inayo nyingi. Kirusi cha Epstein-Barr kipo kote kuwili. Ukilinganisha figo za wasichana wa sehemu hizo mbili, huku vipimo na madaktari wakiwa sawa, hoja ya Greenwood ingesimama au ingeanguka.

Kigumu kitakuwa damu. Marekani iliweza kukikamata kirusi hiki katika ugonjwa mwingine wa kinga kujishambulia, ule wa neva uitwao multipo sklerosisi, kwa sababu jeshi lake lilikuwa limehifadhi damu ya mamilioni ya askari. Mwaka 2022 watafiti wa Harvard walizifungua sampuli hizo wakaona kwamba hatari ya kuugua ilipanda mara 32 baada ya askari kuambukizwa. Kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) Makutupora hupokea vijana wanaopimwa afya kabla ya kuingia, wavulana na wasichana, katika umri ule ule ambao lupasi huanza. Kitaalamu sampuli zingeweza kuhifadhiwa hapo, kwa ridhaa yao wenyewe na kibali cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Lakini njia ya Harvard haiwezi kunakiliwa vivi hivi. Walihitaji askari ambao bado hawajaambukizwa, na kwetu kijana wa miaka 18 alikipata kirusi kabla ya kuota meno yote. Kwa hiyo utafiti wa Dodoma hauwezi kuuliza nani ameambukizwa na lini. Utalazimika kumfuata mtu yule yule kwa miaka, damu baada ya damu, ukihesabu seli B zilizobeba kirusi, ili uone ni mwezi gani zinaanza kuongezeka, na kama mkojo unaanza kufanya povu kabla ya hapo au baada yake.